Yaya Colombe na Magurudumu ya Farao

Ku soko ya Bagira, kama unatafuta mawese ya kweli, batakuonyesha fasi yaya yangu Colombe anakaaka. Kama unatafuta kuuzisha mawese ya kuchanganya na maji, batakuonyesha fasi ingine, mbali naye, juu akikukamata na ile bidon, dumu ya mafuta, atakufokea mpaka soko muzima igeuke. Mimi ni Blanchard, ndugu yake mudogo. Niko na kioske pembeni ya parking ya mabasi, nachajiaka batu telefone na kubawekea nyimbo na mavideo mu karte ya telefone yabo. Batu banasema mimi njo niko moto. Bale batu habajaona Colombe mbele ya mafuta ya uongo.

Ginsi anapimaka iko hivi. Mutu anatua bidon. Colombe haigusi kwanza. Anauliza: "Nani alikamua?" Mutu anajibu. "Fasi gani?" Anajibu. "Ulikuwa pale, ao walikuambia tu?" Hapa njo bengi banaanza kukohoa. Kisha anamwanga tone moja mu kijiko, anaweka juu ya moto. Mafuta yenye maji inapiga kelele, inaruka. Ya kweli inanyamaza.

Na njo vile alimupata Josué. Josué alikuwa mwana wa kijiji ya Nyantende, kijana murefu wa meno mazuri, anatoka Mwenga juu ya lori na mabidon yake. Colombe akamuuliza maswali. Ku ile ya tatu, Josué akakuna kichwa, akasema:

"Hapana, maman. Sikukuwa pale. Nilinunua ku barabara, batu baliniambia ni nzuri. Mimi sijui kitu."

Colombe akacheka, akanunua yote bila kuweka kijiko ku moto. Kisha akaniambia: "Blanchard, mwanaume mwenye anasema 'sijui' na feza iko mbele ya macho yake, utamupata wapi tena mu hii Bukavu?" Mimi nikasema huyu ni mujinga tu, atatuletea njaa. Akanitupia kifuniko ya sufuria. Ku ndoa yabo nilicheza kuliko batu bote.

Bakapanga nyumba hapa Bagira, bakazaa batoto babili. Kisha barabara ikaharibika, lori ikapinduka na mabidon yote ikamwangika mu bonde, na Josué akaenda Kamituga kuchimba zahabu, kama bengine. Alikuwa anapigaka telefone kila siku ya yenga, siku ya Mungu. Hakuwa anasema mingi. Alikuwa anauliza, "Munapika nini?" Colombe akimujibu, Josué anasema: "Weka telefone karibu ya sufuria nisikie." Na Colombe, ule mwanamuke mukali, anasimama jikoni na telefone juu ya sombe, ile majani ya mihogo, ananyamaza, bwana yake kule anasikiliza sombe ikichemuka. Nilikuwa nabacheka sana. Leo sombe ikichemuka mahali, mimi natoka inje.

Mvua kubwa ikanyesha, shimo ikaanguka. Batu bamoja balitoka, bengine balitolewa bamekwisha kufa. Josué hakutoka. Benzake balichimba, udongo ikarudi. Balichimba tena, udongo ikarudi tena, maji ikaingia, bakaogopa, bakaacha. Mukubwa wa shimo akapiga telefone: "Maman, pole. Udongo imekataa." Nilichukua ile telefone mu mukono ya yaya nikamutukana ule mutu, matusi yenye sijawahi kusikia hata ku parking. Alikuwa amekwisha kukata.

Sasa, kwa bamukwe wa Colombe, Nyantende, kama mutu amekufa fasi mwili haiwezi kutoka, habaachi vile. Banakata mugomba, ile shina ya ndizi, banaipima urefu ya mutu. Banaivalisha shati yake na suruali yake. Banailaza mu sanduku, banalia, banazika nyuma ya nyumba. Kisha banamunyoa mujane kichwa, na matanga inakwisha. Kama ulishaka kugusa mugomba, unajua: iko na baridi, iko na maji ndani, iko nzito kama mutu mwenye amelala. Na inaoza mbio.

Baliomba Colombe mara ya kwanza, akasema mungoye, musizike bado. Baliomba tena, akasema mungoye. Nywele yake ikakua, hakuna mwenye anaruhusiwa kumusuka mpaka anyolewe, ikakuwa kama ya mwenda wazimu. Yeye na kitambaa yake ya kufunga kichwa, na mawese yake, na mudomo wake mukali. Nilizania ni uchungu tu.

Kumbe alikuwa ameshika kitu.

Ilianzia kwangu, ku kioske. Mutu mumoja aliniomba nimuwekee video za Mungu mu karte, na mimi nikafungulia moja ya kupima sauti. Ilikuwa mu Swahili ya Tanzania, ile ya kunyooka, na muziki kama ya vita: "Wanasayansi washangazwa! Magurudumu ya magari ya Farao yapatikana chini ya Bahari ya Shamu!" Colombe alikuwa amekuya kuchaji. Akasimama.

"Bahari ya Shamu njo gani?"

"Ile ya Musa. Maji ikafunika basoda ba Farao na magari yabo."

"Miaka ngapi?"

"Mimi najua? Banasema elfu tatu."

"Mu maji? Na bado inaonekana?"

"Si unaona."

Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Ku maji ya buluu, gurudumu ya rangi ya zahabu, samaki ndogo inapita ndani yake. Akaitazama kama vile batu banatazamaka picha ya mutu wabo. Kisha akasema, "Niwekee hiyo."

Toka ile siku, kila wakati: "Blanchard, iko ingine?" Nikamuwekea Safina ya Noa juu ya mulima. Nikamuwekea mifupa ya majitu. Nikamuwekea mawe ya kiberiti ya Sodoma, nikamuwekea bibi ya Loti amesimama kuwa chumvi. Batu ba soko bakaanza kumucheka: "Colombe ameacha misa, ameingia kanisa ya karte." Alikuwa anaziangalia nyuma ya mabidon, telefone imeegemea kopo. Mimi sikujali. Nilizania ni dini. Mpaka siku moja tunakula, akasema polepole, bila kunitazama:

"Kama Mungu amechunga gurudumu ya adui yake miaka elfu tatu ndani ya chumvi, Josué mwenye hakumukosea kitu, atamupoteza mu udongo ya Kamituga? Batamupata. Bamepata vitu vya zamani kuliko yeye."

Njo hapo nilijua yaya yangu anangoya nini.

Kisha mukwe wake akakuya Bagira, Papa Apollinaire, baba ya Josué. Muzee murefu, kofia ya ngozi ya mbuzi ku kichwa, mabote ya shamba ku miguu na udongo ya Nyantende bado juu yake. Hakuitika kukaa. Akasimama mbele ya mabidon.

"Mwana wangu," akasema, "siku ya posho, siku moja mbele ya yenga, tunakata mugomba."

"Papa, hapana. Mungoye."

"Tumengoya. Mama yake hakuli tena. Ndugu zake habawezi kuoa, habawezi kujenga, nyumba yote imesimama."

"Papa, nasema kwa heshima. Munataka kuzika ndizi. Mwana wenu si ndizi."

Banamuke ba soko bakageuka. Muzee hakukasirika. "Na weye unangoya nini?"

"Batamupata. Siku moja batachimba pale. Bamemupata Farao."

"Farao gani? Wa Misri?"

"Njo ye. Na magurudumu yake."

Muzee akamutazama. "Na bibi ya Farao," akauliza, "alingoya miaka elfu tatu bila kunyoa?"

Mutu mumoja nyuma akacheka, nikageuka kumutafuta na macho. Papa Apollinaire akavuta kofia yake.

"Siku ya posho. Kama utakuya, utalia bwana yako pamoja na sisi. Kama hautakuya, tutalia sisi peke yetu. Lakini ujue, mwana wangu: tukimaliza bila weye, sitakuwa na njia ya kukunyoa kisha. Matanga haifunguliwaka mara mbili."

Akaenda. Na ile ilikuwa neno nzito kuliko inaonekana. Mwanamuke mwenye hakulia bwana yake ku kaburi na hakunyolewa, kwabo si bibi tena na si mujane. Hana fasi ya kukaa. Batoto bake batafika Nyantende, batu batauliza, maman yabo alikuwa wapi?

Mimi nilikuwa nachemuka. Si juu ya muzee. Juu ya ile sauti ya Tanzania na muziki yake ya vita. Na nilikuwa na kitu. Wiki ile kijana mumoja alikuwa ameniletea filme ya batu benye banazamaka mu bahari kuangalia mashua kubwa za chuma zenye zilizama. Ndani, nikaona gurudumu. Ile ile! Rangi ile ile, mukono moja ya gurudumu imevunjika kwa nusu, na ile samaki ndogo inapita. Ni robine, kitu ya kufungia maji mu mutambo ya mashua, fundi anaizungushaka na mikono.

Nikamuita Colombe ku kioske, nikafungua zote mbili pamoja ku mashini yangu ya kompyuta.

"Tazama! Tazama mukono yenye imevunjika! Farao alikuwa anafunga robine? Banakuchezea, yaya! Mutu amekaa mahali anakula feza juu batu banaangalia, na weye unapoteza matanga ya bwana yako juu ya robine!"

Alitazama. Alitazama mpaka mwisho, zote mbili. Kisha akaniuliza na sauti ndogo:

"Uko na furaha?"

Akaenda. Aliacha telefone yake ku chaji.

Siku yenye ilifuata nilipita ku soko, na kitu nilichoona ikaniogopesha kuliko kelele. Mutu alitua bidon mbele yake. Colombe hakuuliza nani alikamua. Hakuuliza fasi gani. Alihesabu tu feza, akavuta bidon upande wake. Saa sita Mireille, ule wa kukaanga beignets, ile mandazi, karibu na parking, akakuya anapiga kelele: "Colombe! Mafuta yako inaruka kama chura! Imenichoma mukono!" Na yaya akasema tu, "Pole," akamurudishia feza yake. Colombe! Kusema pole bila kupigana!

Nilitaka kuvunja mashini yangu. Sikuivunja juu njo kazi yangu.

Siku ya ine, siku mbili mbele ya posho, akakuya yeye mwenyewe. Akakaa ku kiti ya bateja, akakaza kitambaa yake ya kichwa, akasema: "Fungua yote. Yote yenye uliniwekea. Tunapima."

"Tunapima ginsi gani?"

"Ginsi napimaka. Nani aliitosha, aliitoa mu udongo? Fasi gani? Alikuwa pale ao walimuambia? Na leo kitu iko wapi, mutu anaweza kuenda kuigusa?"

Steve alikuwa pale, chauffeur, dereva wa basi ya Bagira, anangoya telefone yake ijae. Mutu wa maombi sana, na mudomo kama motere ya basi. "Yaya Colombe," akasema, "munapima neno ya Mungu?"

"Hapana. Napima batu ba kamera."

"Aa. Basi pima."

Tukaanza. Safina: nani aliiona? "Mutafiti mumoja." Jina? Hakuna. Fasi gani? Mulima. Mulima gani? Kila video iko na mulima yake, Colombe ananiambia nifute. Toka! Majitu: mufupa kubwa mu shimo, batu badogo bamesimama kandokando. Mimi nikasema hiyo picha naijua, iko mu video tatu. Mu moja jitu amekufa Arabia, mu ingine India, mu ya tatu Ugiriki. Steve akasema, "Basi alikuwa jitu kweli, kukufia mu inchi tatu!" Tukacheka, hata Colombe kidogo. Bibi ya Loti: jiwe murefu tu, haina mukono, haina uso. Steve akajaribu kumutetea, akasema labda mvua imemukula. "Na nani alijua ni mwanamuke?" Colombe akauliza. Steve akakaza macho ku mashini, akageuza kichwa huku na kule. "Labda amesimama kama mwanamuke mwenye amekasirika," akasema. Toka!

Zikatoka vile, moja moja. Kila yenye inatoka, mimi nilikuwa na furaha ya kwanza, kisha naona uso ya yaya, furaha inakwisha. Juu alikuwa anaziaga. Alikuwa anatia kidole juu ya picha mbele ya mimi kuifuta, kama vile batu banagusaka sanduku ya maiti.

Ikabakia moja yenye sikuwahi kumufungulia, juu haikuwa tamu. Mu Kifaransa, bila muziki. Muzungu mwanamuke na miwani, anaonyesha jiwe ya kijivu yenye imevunjika kando. Mimi nilisoma kidogo tu, lakini Kifaransa ya video najua. Nikamutafsiria. Jiwe ilitoshwa Kaisaria, ku bahari ya inchi ya Israeli, mwaka 1961. Ni Baitaliani balikuwa banachimba, majina yabo iko. Batu ba zamani baliichukua wakaitumia kutengenezea ngazi, hawakujali maandiko. Ku jiwe kuko jina, herufi za mbele zimevunjika, lakini inasomeka: Pilato. Na leo jiwe iko Yeruzalemu mu nyumba ya kuchunga vitu vya zamani, mutu akitaka anaenda kuiona.

"Ule Pilato?" Steve akauliza. "Wa 'aliteswa kwa amri ya Ponsyo Pilato'?"

"Njo ye."

"Alleluya!"

Colombe akamunyamazisha na mukono. "Nani aliitosha, tunajua. Fasi, tunajua. Iko wapi, tunajua. Hiyo inanyamaza ku moto." Akasogea karibu ya mashini. "Na imeandikwa nini ingine? Yezu?"

"Hapana. Pilato tu, na kazi yake, na nyumba yenye alijenga."

"Basi inaonyesha nini?"

"Kwamba Pilato alikuwaka kweli."

"Tu?"

"Tu."

Steve akavunjika moyo kabisa. Mabasi inapiga honi inje, mutoto wa kuita batu benye banaenda muji kati anaimba "Ville, ville, ville." Kisha Colombe akasema:

"Basi mwenye aliua, bamepata jina yake. Na mwenye aliuawa? Bamepata nini yake? Mufupa?"

"Yaya!" Steve akaruka. "Bakipata mufupa si Pasaka imekwisha!"

Mimi nikacheka. Colombe hakucheka.

"Bale banamuke," akasema, "balibeba manukato asubui ku kaburi ya Yezu. Hawakutaka kitu kubwa. Balitaka tu kumupakaa, kumunyoosha mikono, kumufunga vizuri. Bakakosa mwili." Akafuta mashini na pembe ya kitambaa yake, vumbi yenye haikuwako. "Kila mwaka nasikia ile somo, sijawahi kufikiria mikono yabo. Na ile manukato, bakairudisha nyumbani?"

Steve alichomoa telefone yake bila kuangalia kama imejaa.

"Mimi ningetaka tu kumunawisha udongo ku uso," akasema yaya. Na hapo njo alilia. Mbele ya parking yote, bila kujifunika, na mimi nikasimama ku mulango kuona nani atatazama ili nimupige.

Alipomaliza akasema: "Nitaenda siku ya posho. Lakini si na mugomba peke yake. Mugomba itaoza. Mutu wa siku za mbele akichimba pale nyuma ya nyumba, atapata nini? Misumari ya sanduku. Atasema, hapa palizikwa mutu. Na ni uongo, na mimi njo nitakuwa nimeuweka. Nataka jiwe."

"Jiwe ya kusema nini?"

"Ya kusema kweli."

Tukamwanga simenti mu fremu ya mbao, mimi na fundi mumoja wa hapa Bagira, kipande yenye batu babili banaweza kubeba. Ikiwa bado laini nikaandika na musumari, Colombe amesimama juu ya kichwa yangu anasema maneno: JOSUÉ, BWANA YA COLOMBE. HAYUKO HAPA. ALIBAKIA KAMITUGA. Niliuliza kama tuweke pia siku ya kufa. Akasema, "Ulikuwa pale?" Nikaacha.

Steve akatupeleka Nyantende na basi yake, jiwe imelala chini ya viti, imefunikwa na mufuko. Njia muzima hakuomba wala kuimba. Sijawahi kumuona vile.

Tukafika, mugomba imekwisha kukatwa. Imelala mu sanduku, imevalishwa shati ya buluu ya Josué, ile ya ndoa. Maji yake ilikuwa inatoka polepole, inalowesha kola. Colombe akapiga magoti, akafunga kifungo yenye walisahau. Nikashusha jiwe na Steve, tukaiweka wazi.

Kaka mukubwa wa Josué akasoma, akapiga mikono. "Hii ni nini? Kaburi inasema mutu hayuko? Batatucheka mpaka soko ya Mudaka! Munatuita bawongo mbele ya batu?"

"Mwenye amesema mwongo ni weye," nikamuambia, "mimi niliandika tu."

"Mudogo, rudia."

Nikavua shati. Yeye naye akatosha koti. Tungepigana kweli, pembeni ya sanduku, kama Papa Apollinaire hakupita katikati yetu, anatembea polepole na mabote yake. Muzee hajui kusoma. Akasema, "Nisomee."

Nikasoma na kifua wazi, napumua kama mbuzi: "Josué, bwana ya Colombe. Hayuko hapa. Alibakia Kamituga."

"Tena."

Nikasoma tena. Muzee akatosha kofia yake ku kichwa.

"Haitoshi," akasema. "Kamituga ni kubwa. Mashimo ni mingi sana, mutu atatafutia wapi? Andika jina ya shimo. Inaitwa Bila Usingizi."

Colombe akainua kichwa. "Papa, ile jina ulijulia wapi? Mimi sikuambiwa."

"Nilienda."

"Ulienda?" Ni mama ya Josué sasa, mwenye alikuwa amekaa ku mukeka. "Lini?"

"Siku nilisema naenda Mudaka kuangalia ngombe." Hakumutazama bibi yake. Alikuwa anatazama jiwe. "Nilipanda lori. Nikafika pale juu. Maji ilikuwa imejaa mu shimo, nyekundu. Nikasimama, nikamuita. Niliita na jina yake ya utoto. Ule mukubwa wa shimo akanifukuza, akasema naogopesha bafanyakazi bake."

"Na ukarudi, ukatunyamazia?"

"Ningesema nini? Niseme nilimuita, akakosa kuitika?"

Mama ya Josué akafunika uso. Kaka mukubwa akaokota koti yake chini, lakini hakuivaa. Akaenda ku sanduku, akarudi na musumari murefu na nyundo, akanipa mimi. Simenti ilikuwa imekauka, ikanibidi kugonga herufi moja moja, vumbi nyeupe inaruka ku macho. BILA USINGIZI. Imekaa upande, haikunyooka, na I ya mwisho iko karibu ya kuanguka inje ya jiwe. Muzee alikuwa ameinama karibu na mimi, kila herufi anauliza, "Hiyo njo nini?" Namuambia. Anaitika.

Tukazika mugomba na shati ya buluu. Tukaweka jiwe juu. Mama ya Josué akamukalisha Colombe ku mukeka, akamufungua kitambaa, akamunyoa na wembe, polepole, nywele inaanguka mu mapaja yake. Kichwa ya yaya ilikuwa ndogo kuliko nilivyozania. Kisha batu bakanawa mikono, bakaleta ugali na maharagwe, kelele ikaanza kurudi, Steve akapata mutu wa kubishana naye.

Mimi nilikuwa natafuta shati yangu. Nikaona Colombe ameacha sahani, ameenda kukaa chini karibu na muzee, ku ukuta. Alikuwa anauliza.

"Lori inakushushia wapi, Papa?"

"Ku daraja. Hapo unashuka, unaacha soko ku mukono ya kushoto."

"Kisha?"

"Kisha unapanda. Njia ni ya udongo, inateleza. Kuko mihogo pande zote."

"Na juu pale, kuko miti?"

"Walikata. Imebakia moja."

"Unaona mbali?"

"Milima tu. Na wingu."

Alikuwa amefumba macho, ile kichwa mupya imeegemea ukuta. Muzee alizania Colombe amemaliza kuuliza, akarudisha kofia ku kichwa.

"Sema tena, Papa," akasema Colombe. "Anza fasi lori inasimama."